Kiwanda Kizima Tulinyoa Vipara

Katika maisha yangu nimemeza vitu viwili ambavyo si chakula. Cha kwanza ni kifungo cha shati la baba, nikiwa na miaka minne. Cha pili ni unywele wa Mzee Bituro, nikiwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimevaa gambuti na eproni mbele ya meneja wa kiwanda. Kifungo kilitoka siku ya pili, mama alikuwa anakisubiri. Unywele sijui uliishia wapi, na sikuufuatilia.

Nawaambia haya ninyi mnaoanza kazi kwenye viwanda vya samaki, maana juzi mjukuu wangu kaja hapa Igoma kunilalamikia kwamba kofia ya wavu inamwasha. Inamwasha! Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mwanangu, wewe unawashwa na wavu. Sisi kiwanda kizima, wanaume kwa wanawake, tulinyoa vipara kwa ajili ya samaki, na mji ukatuletea pole. Kaeni niwaeleze, na nyie wa nyuma wekeni simu chini.

Kazini nilijulikana kama Mama Shija. Nilikuwa mkata minofu. Ilikuwa miaka ile ya tisini, mambo ni ruksa, kila mwenye mtaji anajenga kiwanda ufukweni hapa Mwanza, na Wazungu wamempenda sangara. Walimtaka bila kichwa, bila ngozi, bila mifupa, na zaidi ya yote bila unywele. Siku ya kwanza naingia pale sikujua hata kisu kinashikwaje. Nilijua kukata samaki wa nyumbani, ambaye ukimharibu unamfunika na mchuzi, mambo yanaisha.

Aliyenifundisha ni Mzee Bituro, mnyapara wetu, Mkerewe wa Nansio. Sangara wangu wa kwanza nilipommaliza, aliinua ile mifupa juu na kuwaita wenzangu. "Njooni mwone," akasema. "Samaki wa mama huyu bado ana nyama ya kutosha kuogelea hadi Nansio." Watu wakacheka, mimi nikataka kuvua gambuti niende zangu. Halafu akaja nyuma yangu taratibu, akanishika kiwiko. "Unamsukuma. Kisu hakisukumwi, mama. Kiegemeze kwenye mfupa wa mgongo, kisha sikiliza. Kikisema krrr, uko kwenye mfupa, nenda nao. Kikinyamaza, umeshaingia kwenye nyama, unaharibu." Mpaka leo nikikata samaki jikoni nazima redio ili nisikie vizuri.

Lakini kilichomfanya Mzee Bituro ajulikane si kisu, ni nywele. Alikuwa na afro ya miaka ya sabini, na hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kumwambia kwamba imepitwa na wakati. Umri ulikuwa umekwenda, mvi zimeshaingia, basi kila Jumapili anazipaka piko. Kichana kinakaa mfuko wa nyuma. Kuvaa kofia ya wavu kwake ilikuwa shughuli: azikunje, azigandamize, ashushe pumzi, aanze tena. Jioni akiivua zinafumuka zenyewe, na sisi wanawake tunampigia vigelegele. Alikuwa mgane, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu, na nadhani zile nywele ndizo zilizokuwa zikimpa furaha.

Sasa, huyu mzee akaanza safari za msalani. Tunakata, anakwenda. Tunapakia maboksi, anakwenda. Tukamtania kwamba amepata mchumba kule nyuma. Siku moja akaniita stoo ya visu, akafunga mlango, akaniambia anakojoa damu, na kwamba ilianza mwaka uliopita.

"Mwaka jana! Na ukanyamaza?"

"Mama Shija, mimi nimekulia kisiwani. Utotoni wavulana wote tulikojoa damu. Tulikuwa tunashindana ya nani ni nyekundu zaidi. Ukiiona, unajua sasa umekuwa mwanamume."

"Kile kilikuwa kichocho, mzee wangu!"

"Najua. Nikadhani kimerudi kunisalimia."

Hospitali wakamwambia hakikuja kusalimia. Kile kichocho cha utotoni kilikuwa kimekikwaruza kibofu miaka yote hiyo, na sasa ndani mna saratani. Wakaikwangua, kisha wakampangia dripu sita za dawa kali, moja kila baada ya wiki tatu. Daktari alimweleza bila kuzunguka: ukimaliza zote sita tuna matumaini mazuri, ukiishia njiani itarudi, na ikirudi hatutaiweza. Hapo ndipo pa kushika, vijana, maana yote ninayowasimulia yanazunguka hapo. Dripu sita, na azimalize. Na nyie mkiona hata tone moja jekundu, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Msishindane.

"Ukimwambia mtu," akasema, "nakuhamishia kwenye mapanki." Mapanki ni ile mifupa na vichwa vinavyobaki, na harufu ya kule usiombe. Nikaapa mbele ya visu vyote. Nilimwelewa pia. Miaka ile mtu akikonda tu, mtaa ulikuwa umeshajua anaumwa nini, hauhitaji daktari. Nani angemwacha ashike samaki wa Ulaya? Na kazi ikiondoka, hizo dripu angezipata wapi?

Dripu ya kwanza akaivumilia. Alitapika, akanywa uji, akarudi kazini. Ya pili nayo akaivumilia. Siku kumi hivi baadaye akaniita tena stoo, akatoa kichana mfukoni, akakipitisha kichwani mara moja tu, akanionyesha. Kichana kilikuwa kimevaa afro. Kichwani imebaki njia pana, kama wanayopita ng'ombe wakienda kunywa maji ziwani.

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, vikagombana, kicheko kikashinda. Mzee akanitolea macho kwa hasira, halafu na yeye mdomo ukaanza kumcheza. Tulicheka pale katikati ya visu mpaka akashika ukuta. Alipotulia akafuta macho. "Daktari alinionya kwamba zitatoka," akasema. "Nikadhani anawaambia wale wagonjwa wengine."

Mngemwona alivyohangaika wiki ile! Nywele zilizotoka alikuwa anazitunza kwenye bahasha, sijui kwa matumizi gani. Akapaka mafuta ya nazi. Akapaka maji ya vitunguu, tukashinda siku nzima tunauliza nani anapika. Mwisho akapaka rangi nyeusi ya viatu kwenye ule upara, na kwa mbali, haki ya nani, zilionekana nywele. Tatizo lilikuja alipoinama kuosha visu kwa maji ya moto. Mvuke ukampanda, rangi ikaamka, mara mto mweusi unamshukia kwenye pua. Nikamrushia taulo, nikamwambia ajifanye anapiga chafya. Alipiga chafya ishirini, mmoja wetu akamwendea kumpa pole ya mafua.

Jumamosi yake mchana nikamfuata nyumbani na wembe. "Kaa hapo," nikasema. "Mchezo huu leo tunaumaliza." Akakaa, akafumba macho, nikanyoa mabaki yote. Nilipomaliza alijishika kichwa kwa mikono miwili kama anatafuta mlango. Nikamwambia amependeza. Nilidanganya.

Tungekuwa tumepona, kumbe boksi moja lilishapakiwa ile wiki ya kupukutika.

Meneja wetu alikuwa kijana msomi, mpole, ila wakaguzi kutoka Ulaya walikuwa njiani na usingizi ulikuwa umemhama. Jumatatu akatoa boksi moja chumba cha baridi ili ajikague mwenyewe kwanza. Tukasikia ukelele, tukadhani amebanwa na mlango. Akatukusanya wote. Juu ya sahani nyeupe, katikati kabisa, kulikuwa na unywele mmoja.

"Namtaka mwenye huu unywele," akasema. "La sivyo naupeleka maabara." Maabara gani, sijui, na nadhani hata yeye hakujua.

Nikainama kuutazama. Unywele ulikuwa mweusi tii, isipokuwa kwenye shina ni mweupe pe. Kiwandani mle mwenye nywele za piko alikuwa mmoja tu, na ndimi za watu nilizijua, dakika tano zisingepita kabla hajatajwa. Akitajwa ataulizwa, akiulizwa yatatoka yote. Sikufikiri mara mbili. Nikalowanisha kidole, nikauokota, nikautia mdomoni, nikameza.

Mashine ya barafu tu ndiyo ilikuwa inaongea.

"Mama Shija," meneja akasema polepole. "Umefanya nini?"

"Samahani bosi. Nilidhani ni mwiba."

"Kwa hiyo wewe ukiona mwiba unaumeza?"

"Kwetu tunameza, bosi. Na ugali."

Watu wakaangalia chini, mabega yanawatikisika. Meneja, ushahidi umeshaingia tumboni, akaja na akili nyingine: kila mtu avue kofia. Tukavua. Akapita akikagua kichwa baada ya kichwa, mabutu, twende kilioni, nywele za dawa, vishungi visivyoeleweka. Wa mwisho kabisa alikuwa Mzee Bituro. Alivua taratibu, na mwanga wa taa ukatua pale juu ukakaa.

"Mzee Bituro! Zile nywele zako?"

Mzee akaniangalia. Nikaangalia dari. "Nimezitoa, bosi," akasema. "Kwa ajili ya kazi."

Jamani, meneja karibu alie. Alimshika mkono, akamgeuza huku na huku ili tumwone vizuri. "Huyu ndiye mfanyakazi! Afro yote ile! Hakuambiwa na mtu!" Kisha akatugeukia sisi, nikajua tumekwisha. "Mpaka Alhamisi, wote muwe hivi."

Tulipiga kelele. Dada mmoja aliyekuwa ametoka kusukwa jana yake alikaa sakafuni akakataa kuinuka. Lakini pale getini kila asubuhi watu walikuwa wamejaa wanaomba kazi, na wao wangenyoa hata kope. Kinyozi akaweka benchi chini ya ukuta wa kiwanda, tukapanga foleni. Mimi nilipojiona kwenye kioo chake nilimsalimia marehemu baba yangu. Mzee Bituro alikuwa amesimama pembeni, hajui aone haya au ajivune.

Nyie mnaonyoa vipara kwa fasheni hamtaelewa hapa bila kuambiwa. Kwetu, mtu mzima akinyoa kichwa chote, hasa mwanamke, amefiwa. Na hanyoi siku ya kwanza. Ananyoa siku ya kuanua matanga, mazishi yameshapita. Kwa hiyo ukimwona mtu na kipara kipya, hujui tu kwamba kuna msiba. Unajua msiba umekwisha na wewe hukuambiwa.

Sasa pigeni picha Alhamisi jioni, geti linafunguliwa, unatoka umati mzima wa vipara. Barabara ilisimama. Wanaume walivua kofia. Bibi mmoja muuza ndizi akaketi chini akaanza kulia, nikamuuliza analilia nini, akasema hajui bado. Nilipofika nyumbani nikakuta kuni zimeshapangwa mlangoni, na mwenyekiti wa mtaa amekaa kwenye kiti changu, amenuna, anataka kujua kwa nini hakupewa taarifa.

Kesho yake akaja baba mkwe kutoka kijijini, jogoo kwapani, unga begani. Hakutaka hata maji ya kunywa.

"Mmemzika nani bila kutuambia?"

"Shikamoo baba. Hatujazika mtu. Ni mambo ya samaki."

"Mmenyoa kwa ajili ya samaki?"

"Wazungu hawataki nywele, baba."

"Huyo samaki ana nywele?"

"Hana, baba."

"Basi mtu aliyekufa mtamtaja tu," akasema, akamfunga jogoo kwenye mguu wa kitanda akakaa kusubiri. Alikaa siku tatu.

Wakati sisi tunahangaika na wageni, Mzee Bituro akafanya ujinga wake mkubwa. Ile Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya dripu ya tatu. Niliporudi na kipara changu nikamkuta kakaa uani kwake anachambua mchele.

"Hospitali umeenda?"

"Sirudi tena kule."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanyoosha kidole usoni. Nyusi zilikuwa zinaondoka. "Kichwa nimewaachia, sawa. Sasa wamekuja kwenye nyusi. Nyusi zikiisha nitafanana na kambale, Mama Shija. Na mkojo wenyewe sasa hivi ni mweupe, nimepona. Acha nife na sura yangu."

Nikabembeleza, nikafoka, nikamwambia kambale ana masharubu, hawezi kufanana naye. Hakucheka. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akaniuliza nani mnyapara hapa. Nilirudi nyumbani, na baba mkwe alipokuja kesho yake nikapika jogoo wake kwa hasira. Nilikuwa nimeapa nisimwambie mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anajiua huku anachambua mchele. Usiombe kubeba siri ya namna hiyo.

Kilichotuokoa ni umbea, na tangu siku hiyo siusemi vibaya. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Nansio aliyeviona vile vipara getini. Akapanda meli na habari yake. Kiwanda kizima kinaweza kumnyolea nani? Mnyapara, si mwingine. Na si alionekana amekonda? Meli ilipotia nanga Nansio, Mzee Bituro alikuwa ameshakufa, ameshazikwa, na inasemekana kaniachia mimi kitanda chake.

Jumamosi mchana akaingia kwangu dada yake, Skolastika. Ndiye aliyemlea Mzee Bituro baada ya mama yao kufariki, na ndugu wengine wote walikuwa wametangulia, wamebaki wao wawili. Mama wa nguvu, sauti ya kanisani, na kichwani ameweka kalikiti mpya inayometa mafuta, kaifunika na mfuko wa nailoni upepo wa ziwa usiiharibu. Nikasema shikamoo dada. Hakuitikia. Aliangalia kipara changu, na huo ukawa ushahidi wa kutosha.

"Kaburi liko wapi?"

"Dada, keti kwanza..."

"Mmemzika mdogo wangu kama paka! Hata barua! Hata salamu kwa mtu wa meli! Nionyeshe kaburi, na ukitoka hapo unionyeshe hicho kitanda!"

Nikamshika mkono nikamvuta hadi nyumba ya tatu, yeye analia na kunitukana kwa zamu. Mzee Bituro alikuwa uani anakula ugali. Alipomwona akanawa mkono haraka, akainuka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea, akafuta machozi, akakaa kwenye kigoda. Ndipo akaruka. Aliruka na kigoda. Kuku walitawanyika, mfuko wa nailoni ukamtoka kichwani, na alipomaliza kupiga mayowe alimpiga mdogo wake kibao cha mgongo ili ahakikishe ni nyama.

"Na wewe umenyoa! Sasa nani amekufa?"

"Hakuna, dada. Ni mambo ya samaki."

Nilidhani ataridhika. Lakini huyu alimlea. Alisogea karibu, akamwangalia uso, akapitisha kiganja kichwani kwake, nyuma, mbele, taratibu. Wembe unaacha mabaki yanayokwaruza, yeye alikuwa laini kabisa. Akamgusa pale palipokuwa na nyusi.

"Na hizi, samaki ndiye aliyezikataa?"

Mzee Bituro akainamisha kichwa. Akamwambia yote, damu, saratani, dripu mbili alizopata, nne zilizobaki, na kwamba ameacha. Alisema kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi aliyepoteza daftari. Mimi nilikuwa nashukuru Mungu kwamba si mimi niliyesema.

Skolastika akaokota mfuko wake wa nailoni, akaukung'uta vumbi.

"Ukifa," akasema, "wa kunyoa ni nani?"

Mzee akamsogezea dada yake kigoda.

"Ni mimi. Hakuna mwingine aliyebaki. Sasa hebu zitazame hizi. Zitazame vizuri! Nimekaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka alasiri, dawa inanichoma masikio, nimevumilia. Mume wangu tangu azione hajala akashiba, ananiangalia tu. Wewe unataka mimi nizitoe hizi kwa sababu ya nyusi zako?"

Mimi nikaanza kucheka, nikadhani tunataniana. Kumbe sauti yake ilikuwa inakatika.

"Usininyoe, mdogo wangu. Nimemnyolea baba, nikamnyolea mama, nimewanyolea ndugu zetu wote watano. Nakuomba wewe usininyoe."

Mzee Bituro akasukuma sahani ya ugali pembeni.

"Leo Jumamosi," akasema. "Jumatatu watanipokea?"

Walimpokea, pamoja na maneno makali ya muuguzi, ambayo aliyastahili yote. Skolastika alikaa kwenye benchi nje, nailoni kichwani, akimtolea macho kila anayepita karibu na kalikiti yake. Hakurudi Nansio mpaka dripu ya sita. Tulibadilishana kwenda naye, siku mimi, siku yeye, na uji kwenye chupa ya chai.

Meneja naye aliambiwa. Mzee Bituro alimwendea mwenyewe ofisini akavua kofia. Yule kijana akajipapasa kichwa chake, nacho kiking'aa, maana alikuwa amenyoa kutuonyesha mfano. Akasema, "Mzee, ungeniambia, nisingewanyoa watu wote hawa." Akamweka stoo ya visu akae anoe tu mpaka apate nguvu. Wakaguzi nao walifika, watatu. Kiongozi wao alikuwa na ndevu hadi kifuani. Tulimpa nyavu mbili na bado ndevu zikachungulia, na hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake usoni.

Mzee alimaliza zote sita. Ilichukua muda kuamini, kila kipimo tulikuwa tunasubiri kama matokeo ya mtihani. Nywele zilirudi zikiwa nyeupe kabisa, laini kama za mtoto mchanga, na hakuzipaka piko tena. Akaendelea kuwanyanyasa vijana kwa kisu miaka mingine mingi, akastaafu, akarudi kwao kisiwani.

Skolastika ndiye aliyetangulia. Alikuwa mzee sana, alilala hakuamka. Nilivuka kwenda kumzika. Siku ya kuanua matanga, wanandugu wakakaa kwenye mkeka, wembe ukazunguka. Ulipofika kwa Mzee Bituro wajukuu wa marehemu walimwonea huruma. Wakamwambia, babu, wewe uliugua, zako tutazigusa kidogo tu pembeni, inatosha.

Akakataa. Akaniita mimi, akanipa wembe, akakaa mbele yangu akiwa na kichwa kimejaa, cheupe.

"Zote, Mama Shija," akasema. "Hizi ni za dada."

Nikazitoa zote.